Je, Uganda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2009?

Hapana. Miaka mingi niliamini kwamba ilifuta, na hapa Arua kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo bila kusita. Nilikuwa mtu wa kuunga mkono kitanzi, kwa hiyo hukumu ile ya mahakama ya 2009 iliniuma. Nilipokuja kuelewa ilichosema hasa, msimamo wangu ndipo ulipoanza kulegea.

Susan Kigula na wafungwa wenzake zaidi ya 400 waliohukumiwa kufa waliiomba mahakama itamke kwamba adhabu ya kifo yenyewe inakiuka Katiba. Januari 2009 Mahakama ya Juu ilikataa: Ibara ya 22 ya Katiba ya 1995 inairuhusu. Hata kunyonga kulibaki halali. Kilichoanguka ni neno moja tu: lazima.

Kabla ya hapo, mtu akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, jaji hakuwa na la kupima tena. Mfikirie fundi cherehani aliyekatazwa kutumia tepu. Anaingia mtoto, anaingia mzee mnene, anaingia kijana mrefu. Wote wanashonewa suruali ya kipimo kimoja. Fundi anaona kwa macho yake kwamba haitawatosha, lakini mkono wake umefungwa. Ndivyo aliyekodi wauaji ili arithi shamba, na mke aliyepigwa miaka kumi akashika panga usiku mmoja, walivyopewa kitanzi kilekile. Hakuna aliyewauliza ilikuwaje. Hilo ndilo lililonigeuza, kwa sababu nilidhani kila aliyehukumiwa kufa alikuwa amepimwa kwanza.

Mahakama iliweka pia ukomo wa kungoja: ikipita miaka 3 baada ya rufaa ya mwisho, bila kunyongwa wala kusamehewa, hukumu inageuka kifungo cha maisha.

Si kweli, hata hivyo, kwamba uamuzi huo ndio uliosimamisha kunyonga. Raia wa mwisho, yaani wasio askari, walinyongwa gereza la Luzira mwaka 1999, watu 28. Na kuhusu kitanzi kutisha wahalifu, mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za huko za zaidi ya miaka 30, likaona hazithibitishi kwamba kinapunguza mauaji, wala kwamba hakipunguzi. Kwa hiyo hoja hiyo nimeiweka kando, pande zote mbili.

Wale ambao rufaa zao zilikuwa bado njiani walirudishwa Mahakama Kuu, wasikilizwe juu ya adhabu peke yake. Kigula, aliyesomea sheria akiwa gerezani, alipewa miaka 20. Alitoka mwaka 2016.