Krispi za kahawia huanzia shambani

Mkulima akirudishiwa viazi vyake na kiwanda cha krispi kwa sababu ya rangi, huona ameonewa. Viazi ni vikubwa, ngozi safi, havina alama ya nondo wala mnyauko. Lakini hebu kata kimoja vipande vya milimita moja na nusu, vikaushe kwa kitambaa, uvitie katika mafuta ya nyuzi 175. Dakika chache tu, kingo zinageuka kahawia, na ukionja ni vichungu. Mara nyingi kosa lilifanyika miezi miwili nyuma, pale mfuko wa CAN, mbolea ya naitrojeni ya kukuzia, ulipofunguliwa kwa kuchelewa.

Naitrojeni hukuza majani, na bila majani hakuna wanga. Ikizidi, mmea huendelea kuchipua wakati ambao ungekuwa unajaza viazi. Shamba hupendeza macho, lakini siku ya kuvuna viazi bado ni vichanga: maji mengi, wanga haba, sukari ingalimo, na sukari hiyo ndiyo hugeuka kahawia kwenye mafuta ya moto. Kiwanda kinataka kiazi ambacho angalau asilimia 20 ya uzito wake si maji, kwa sababu kiazi cha majimaji hutoa krispi chache na hunywa mafuta mengi.

Halafu kuna asparajini, kijenzi kimojawapo cha protini ambacho huongezeka kadiri mmea unavyopata naitrojeni. Asparajini na sukari vikikutana kwenye moto mkali huzaa akrilamidi, kemikali inayodhaniwa kusababisha saratani. Wanasayansi wa Sweden walitangaza mwaka 2002 kwamba imo katika vyakula vya wanga vilivyokaangwa au kuokwa. Hapa si suala la bei pekee, maana krispi hizi watoto wetu wanazila kila siku.

Hata hivyo, tafadhali usiinyime mimea mbolea. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa viazi vilivyopunguziwa naitrojeni navyo vilipanda sukari, na akrilamidi ikapanda pamoja nayo. Tunatafuta kiasi.

Hapa Kenya, mifuko minne ya DAP, mbolea ya kupandia, ya kilo 50 kwa ekari wakati wa kupanda huipa ardhi kilo 36 za naitrojeni. Kila mfuko wa CAN huongeza kilo 13, na samadi nayo ina yake, ihesabu. Kama udongo umepimwa na unahitaji nyongeza, iweke unapopalilia na kuinua matuta, kabla ya maua. Baada ya maua, acha. Mbegu pia ina neno lake: Dutch Robijn, inayopendwa sana Bomet, imezoeleka kwa krispi, ilhali Shangi ni ya chipsi na sufuria.

Kabla ya kuita lori, fanya kipimo hiki. Koroga kilo moja na robo ya chumvi katika lita 10 za maji hadi iyeyuke yote, kisha tumbukiza viazi kumi vilivyooshwa kutoka pembe mbalimbali za shamba. Vinavyozama vina wanga wa kutosha. Vingi vikielea na majani yangali kijani, subiri wiki moja upime tena. Vikizama, kata mashina na uache viazi ardhini wiki mbili ngozi ikomae. Mashina yakiwa yamekwisha kukauka na viazi bado vinaelea, vipeleke soko la kupikia, usilipie lori la kiwandani.