Yai haliongezeki uzito, hata likiwa Mwezi

Jana nimeandikiwa tena. Safari hii ni kijana niliyemfundisha fizikia kidato cha nne, na hoja ni ile ile: "Mwalimu, kama ndani kuna kiumbe kinakua, si lazima yai lizidi kuwa zito?" Anaitetea "Kill the Moon", episodi ya Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya sayansi ya kubuni, iliyorushwa na BBC mwaka 2014. Walioiona wanakumbuka: ni mwaka 2049, Mwezi umeongezeka uzito, bahari zimeleta maafa duniani, wanaanga wametumwa wakiwa na mabomu ya nyuklia, kisha inajulikana kwamba Mwezi ni yai na linakaribia kuanguliwa.

Sina ugomvi na yai. Hadithi ikiniambia Mwezi ni yai, nalipokea. Ninachokataa ni ule uzito, maana watu wanauamini hata kwa yai la kuku.

Nyumbani nina mashine ndogo ya kutotolesha, ya mayai 48. Mzunguko uliopita niliyaandika namba kwa penseli na kuyapima kwenye mizani ya jikoni. Yai namba 7, la kuku wa kienyeji, liliingia na gramu 52. Siku ya 7 lilikuwa na 50. Siku ya 18, nilipoacha kuyageuza, 46. Nililimulika kwa tochi: giza tupu, kifaranga kajaa, isipokuwa kule kwenye ncha butu ambako mfuko wa hewa ulikuwa umepanuka, na pembeni yake mshipa mwembamba ukicheza. Doa dogo limekuwa kifaranga mwenye mdomo na kucha, na yai limepungua gramu 6!

Ganda lina vitundu kwa maelfu, na mvuke wa maji unatoka humo usiku na mchana. Oksijeni inaingia, kabonidayoksaidi inatoka, na hizo mbili karibu zinafidiana; kinachopotea hasa ni maji. Kifaranga anajengwa kwa ute na kiini vilivyokuwemo tangu yai lilipotagwa, na vyote hivyo vilishapimwa siku ya kwanza. Hakuna gramu inayozaliwa humo ndani. (Nasema uzito kwa kuwa ndivyo tusemavyo nyumbani, darasani ningedai tungamo, yaani kiasi cha maada.)

Mwezi nao ulishapimwa, kwa kuangalia jinsi unavyovivuta vyombo vinavyouzunguka. Una tani kama 73 zikifuatwa na sifuri kumi na nane. Hadithi yenyewe inataja nyongeza ya tani bilioni 1.3. Ni nyingi mdomoni, lakini ni sehemu moja kati ya bilioni 56 za Mwezi. Hapa Tanga, siku za bamvua, Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita 3.5 hivi. Mwezi ndio unaoyavuta hasa, basi zidisha mita hizo kwa sehemu hiyo. Bahari ingepanda kwa kimo kisichofikia upana wa atomi moja ya hidrojeni. Na wale wahusika wanaotembea Mwezini kana kwamba wako nyumbani? Ili wavutwe chini kama sisi, Mwezi wenye ukubwa ule ule ungehitaji kuwa mzito mara sita.

Yupo aliyenijibu vizuri kuliko wote, na ninamheshimu kwa hilo: labda kiumbe kinakula mwanga wa Jua, na nishati ikawa maada. Nilikaa na kalamu. Mwezi ungemeza kila mwanga unaoupiga usirudishe hata chembe, ungepata gramu 140 hivi kwa sekunde. Tani bilioni 1.3 zingetimia baada ya miaka 290,000. Kwa hiyo, namba hiyo ndogo inawezekana, nakubali, ila kwa miaka yote hiyo Mwezi usingeng'aa, na watu wasingekuwa na mbalamwezi. Huo uzito wa mara sita ndio hauwezekani kabisa: umri wote wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, hautoshi hata kuuanza.

Hapo kwenye bahari, hata sisi walimu tuna la kukiri. Ile picha tunayochora ubaoni, Dunia yenye vinundu viwili vya maji, kimoja chini ya Mwezi na kingine upande wa pili, haielezi bahari ya Tanga. Mwezi mpevu huwa juu kabisa karibu na usiku wa manane, kwa hiyo kwa picha ile maji yangejaa saa sita. Muulize mvuvi. Atakwambia siku za bamvua maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne yamekupwa. Mabara yanalizuia wimbi, kina cha bahari kinalichelewesha, na kila bahari huyumba kwa mwendo wake, kama maji kwenye beseni. Mwezi na Jua wanavuta, lakini umbo la bahari ndilo linaloamua. Ndiyo maana sithubutu kusema Mwezi mzito mara sita ungetuletea mita 21 kamili. Ungetuletea maafa, hilo nasema.

Mengine nayapita. Buibui wakubwa wa humo Mwezini wanaoitwa viumbe wa chembe (seli) moja: chembe ya ukubwa huo ingekufa kwa kukosa oksijeni katikati. Kura ya wanadamu kama kiumbe kiuawe au kiachwe, inayopigwa kwa kuzima taa na kuhesabiwa kutoka Mwezini: nusu ya Dunia saa hiyo haiuoni Mwezi.

Lakini mwisho siwezi kuupita. Vipindi vingine vya hadithi hiyo, vinavyotokea miaka mingi mbele, vina Mwezi angani, basi ilibidi urudi. Kwa hiyo kiumbe kikaanguliwa, na papo hapo kikataga yai jipya, kubwa sawa na lile kilimotoka. Kifaranga wa namba 7 alipokauka nilimpima: gramu 35. Leo ana siku nne. Ataanza kutaga, kama ni tetea, baada ya miezi mitano au sita, akishakula pumba na dagaa kilo kadhaa.