Je, wajua kwa nini nusu fainali za klabu za hurling hazina mwenyeji?

Desemba 2022 huko Ireland kulikuwa na nusu fainali moja iliyowakutanisha Ballygunner ya Waterford na Ballyhale Shamrocks ya Kilkenny. Hawa ni majirani kabisa, ukitoka kwa mmoja mpaka kwa mwenzake kwa gari ni nusu saa na kidogo, sasa wewe ungedhani mechi itapigwa hapo hapo kwa mmoja wao watu waende hata na baiskeli. Wapi! Timu zote mbili na mashabiki wao wakapanda mabasi, wakakata zaidi ya kilomita mia mpaka Dublin, wakacheza Croke Park, uwanja wa watu 82,300, mechi ikaisha Ballyhale kashinda, kisha wote wakageuza na barabara ileile kurudi kusini. Kwa nini wajitese hivyo?

Kwanza kwa wale ambao hurling hawaijui: ni mchezo wa zamani sana wa Waairishi, timu ina watu 15, kila mmoja ana fimbo ya mbao yenye bapa mwishoni, na kimpira kigumu cha ngozi kinapigwa hewani kwa spidi ambayo ukizubaa umekipoteza. Kikiingia wavuni unapata pointi tatu, kikipita juu ya mwamba katikati ya nguzo unapata moja, ndo maana matokeo yao yanaandikwa kama 2-17, yaani magoli mawili na pointi 17, jumla 23. Anayesimamia yote ni chama kinaitwa GAA, kilianzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, na jambo la kushika hapa ni kwamba wachezaji wote ni wa ridhaa. Hakuna mshahara. Staa unayemuona Jumapili TV nzima inamuimba, Jumatatu asubuhi yuko darasani anafundisha au yuko shambani na ng'ombe.

Sasa ubingwa wa klabu wa Ireland nzima ulianza msimu wa 1970-71 na ngazi zake ziko hivi. Klabu inashinda kwanza kaunti yake, halafu inaenda kupambana na mabingwa wa kaunti nyingine za jimbo lake, na wanaobaki ni wanne: bingwa wa Munster, bingwa wa Leinster, bingwa wa Ulster, na bingwa wa Galway. Huyu wa Galway ni kesi ya peke yake, kaunti yao iko jimbo la Connacht ambako ukiwatoa wao hurling ya kiwango cha juu hakuna, kwa hiyo akishinda kwao tu anaingia nusu fainali moja kwa moja bila kupita jimboni. Wengine wanaona ni upendeleo, wenyewe Galway wanasema kukaa wiki kadhaa bila mechi kunawatoa kwenye moto, na mi naona wote wana hoja.

Haya, nyumbani na ugenini kwa nini isiwepo kama tulivyozoea kwenye mashindano ya CAF, mkondo wa kwanza kwako, wa marudiano kwangu? Jibu liko kwenye ule uridhaa niliousema na kwenye kalenda. Hizi mechi zinachezwa kipupwe, viwanja vimelowa, saa kumi jioni giza linaanza kuingia, na hao vijana wamekuwa wakicheza tangu katikati ya mwaka, na baadhi yao wana timu ya kaunti inawasubiri mwezi wa kwanza. Zamani kulikuwa na nafasi kidogo maana nusu fainali ilikuwa mwezi wa pili na fainali ilikuwa inasubiri tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, pale Croke Park, lakini mara ya mwisho kuchezwa siku hiyo ilikuwa 2019 na siku hizi mambo yote yanataka kuwa yameisha mwezi wa kwanza. Mkondo wa pili utauweka wapi? Kwa hiyo ni mechi moja, imeisha siku hiyohiyo, na mechi ikiwa moja tu ukimpa mtu uwanja wake umeshampa na nusu ya ushindi, na huyo mwingine hana siku ya kulipiza.

Kuna atakayesema basi wachezeshe droo, atakayetoka wa kwanza awe mwenyeji. Shida ni kwamba nusu fainali hizi hazina hata droo, majimbo yanapokezana kukutana kwa zamu. Angalia bingwa wa Ulster tu: msimu wa 2021-22 alipangiwa wa Munster, 2022-23 akapangiwa wa Galway, 2023-24 wa Leinster, 2024-25 akarudi kwa Munster. Inajulikana miaka kabla. Hakuna bakuli, hakuna karatasi, kwa hiyo hakuna wa kwanza kutoka.

Halafu kuna kitu ambacho kwetu ni rahisi kukielewa, klabu nyingi hazina uwanja wa kuweka mechi ya ukubwa huo. Klabu ya GAA mara nyingi ni parokia moja, kijiji, ina kiwanja chake kizuri cha mazoezi, vyumba vya kubadilishia nguo, pengine jukwaa moja dogo, basi. Viwanja vikubwa ni vya kaunti. Hata kwenye mechi za jimbo ukisikia Ballygunner yuko nyumbani maana yake wanacheza Walsh Park mjini Waterford, uwanja wa kaunti, siyo kiwanja cha kijijini kwao. Kwa hiyo kwenye nusu fainali kamati ya GAA inachagua uwanja wa kaunti ya tatu ambayo haihusiki, kama vile TFF walivyowapeleka Simba na Yanga CCM Kirumba Mwanza kwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2022, pale Yanga alipopita 1-0.

Lakini uwanja huru siyo lazima uwe uwanja wa katikati, na hapo ndo ubishi unapoanzia. Mfano wa kupangwa vizuri ni Desemba 2023, Ballygunner na St Thomas' ya Galway wakapelekwa Portlaoise, kaunti ya Laois, mmoja anatokea kusini mashariki mwingine magharibi na ukipima barabara wanakaribiana sana. Ile mechi ilikuwa balaa, dakika 60 hazikutosha, muda wa nyongeza haukutosha, ikabidi iende matuta, St Thomas' akapita na baadaye akabeba kombe kabisa. Ndiyo, matuta kwenye hurling, mtu na fimbo yake mbele ya kipa, na sababu ni ileile kwamba lazima iishe siku hiyo.

Sasa linganisha na Januari 2020, Ballyhale dhidi ya Slaughtneil ya Derry, uwanja ulikuwa Newry. Kwenye karatasi ni uwanja huru kabisa, Newry siyo ya Derry wala ya Kilkenny. Lakini Newry iko ndani ya jimbo la Ulster, Slaughtneil walisafiri kama kilomita mia hivi na Ballyhale zaidi ya mia mbili. Mwaka 2017 pia Cuala ya Dublin walikutana na Slaughtneil hao hao mjini Armagh, Ulster tena. Mi sioni dhambi hapo maana mabingwa wa Ulster kwa kawaida wanatoka pembe ya juu kabisa ya kisiwa, Antrim au Derry, na miaka mingine wao ndo wanashuka mpaka Dublin. Na tusidanganyane, safari fupi haijawabeba sana, Ballyhale alishinda Newry na Cuala alishinda Armagh. Klabu ya Ulster iliyowahi kuchukua ubingwa huu ni moja tu, Loughgiel Shamrocks ya Antrim, mara mbili, 1983 na 2012.

Na hiyo ya 1983 inanichekesha kila nikiifikiria. Fainali ya kwanza dhidi ya St Rynagh's ya Offaly ilipigwa Croke Park ikaisha sare, marudiano yakapelekwa wapi? Casement Park, Belfast, uwanja wa kaunti ya Antrim, nyumbani kabisa kwa Loughgiel! Wakashinda 2-12 kwa 1-12. Fainali ya Ireland nzima hiyo. Ila St Rynagh's nao wasilie sana, fainali ya kwanza kabisa ya mwaka 1971 walicheza na klabu ya Roscrea mjini Birr, ndani ya kaunti yao ya Offaly, na wakapigwa.

Ukitaka kujua Waairishi wanavyouchukulia uzito uwanja wa nyumbani, achana na hurling kidogo utazame mpira wao wa Kigaeli, ule wa mikono na miguu ambao nao unasimamiwa na GAA, mwaka 2018. Timu ya kaunti ya Kildare walitoka wa kwanza kwenye droo dhidi ya kaunti ya Mayo, kwa hiyo kanuni iliwapa mechi nyumbani Newbridge, kauwanja ka watu kama elfu nane. GAA wakasema padogo, Mayo wana mashabiki wengi, hamieni Croke Park. Kildare wakagoma mchana kweupe, kocha akaenda hadi kwenye taarifa ya habari ya TV akasema ni Newbridge au hatuchezi popote. Siku chache hivi nchi nzima ilikuwa inaongelea hilo tu, mwisho GAA wakarudi nyuma, mechi ikapigwa Newbridge na Kildare wakashinda 0-21 kwa 0-19. Walikuwa na kanuni mkononi. Ballygunner ile Desemba 2022 hata kama wangetaka kugoma kwenda Dublin wangeshika kanuni gani, wakati nusu fainali ya klabu haijaandika nyumbani kwa yeyote?