Ufukara ni nadhiri, umaskini ni njaa

Wiki hii nimeambiwa tena, na msomi kabisa, kwamba mwishoni mwa Enzi za Kati Wakristo wa Ulaya waliuona umaskini kuwa heshima. Ushahidi wake ni uleule: Mtakatifu Fransisko, mwana wa tajiri, alivua nguo mbele ya askofu wa Assisi, akaacha mali ya baba yake. Jamani, Kiswahili kimetupa maneno mawili, tuyatumie. Ufukara mtu huuchagua, akaweka nadhiri. Umaskini humkuta. Mlei, yaani Mkristo asiye padri wala mtawa, aliyembusu mtawa fukara mkono hakuombea wanawe walale njaa. Uingereza mwaka 1349, katikati ya tauni, amri ya mfalme ilikataza hata kumpa sadaka ombaomba mwenye nguvu za kufanya kazi.

Twende Firenze, Italia, 1442. Antonino, mtawa wa shirika la Wadominiko, aliyekuwa askofu mkuu wa mji huo miaka minne baadaye, aliwakusanya walei 12 wawahudumie poveri vergognosi, maskini wenye haya. Uso umeumbwa na haya: hawa wangeshinda na njaa kuliko kunyoosha mkono barabarani. Chama kikaitwa Buonomini di San Martino, Watu Wema wa Mtakatifu Martino. Sadaka haikuruhusiwa kulimbikizwa, iliyoingia ilitoka. Msaada ulikwenda kimyakimya: mkate, divai, mahari ya binti (kule yalitoka kwao binti). Katika kanisa lao dogo kuna michoro ya ukutani: mzazi anatembelewa kitandani, mfungwa wa madeni anakombolewa.

Sasa linaloniudhi zaidi. Hurudiwa kwamba wenye haya hao walikuwa mabwana waliofilisika, kana kwamba haya ni mali ya waliowahi kuwa nacho. Fungua madaftari ya mwanzo ya chama: wamejaa mafundi, wafumaji, watu wa sufu na hariri. Watu ambao hata mwaka wa neema waliishi kwa ujira wa wiki. Mfumaji naye alikuwa na jina mtaani, naye alistahili stara, na kuna walei waliolijua hilo wakabisha mlango wake badala ya kumsubiri kanisani na bakuli.

Ila madaftari yaliandikwa na watoaji. Haya ya mfumaji naisoma kwa mkono wa aliyempa mkate. Kuna siku naamini siri ile ilimsitiri yeye. Kuna siku naona iliwasitiri wakubwa wa mji, wasiulizwe kwa nini anayefuma kitambaa chao hawezi kulisha wanawe. Nimeishi na swali hili miaka, na bado jibu langu hubadilika kila nikifungua ukurasa mpya.