Tinti ya gari Marekani: kinachopimwa ni kioo, si karatasi peke yake

Ukibandika tinti, ile karatasi ya kutia giza vioo vya gari, Dallas kwa kufuata sheria zote za Texas, kisha kazi ikakuhamishia Minneapolis, jimbo la Minnesota, unaweza kusimamishwa na polisi kwa vioo hivyohivyo. Marekani kila jimbo lina kiwango chake.

Kinachohesabiwa ni asilimia ya mwanga unaopenya. Namba ikishuka, giza linazidi. Kwa madirisha ya dereva na abiria wa mbele, Texas inataka mwanga usipungue asilimia 25, Florida 28, Georgia 32, Ohio na Minnesota 50. California na New York zinadai 70, yaani karibu kioo kitupu, na New York hupima tinti kwenye ukaguzi wa gari wa kila mwaka tangu 2017. Madirisha ya nyuma hulegezewa katika majimbo mengi, ila Minnesota inadai 50 hata huko kwa magari ya saluni.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapopoteza fedha. Kioo cha kiwandani, kabla hujabandika chochote, tayari kinazuia mwanga kiasi. Tuseme kinapitisha asilimia 75. Ukiongeza karatasi ya 50, unabaki na nusu ya 75, yaani 37.5. Boksi limeandikwa 50, fundi amekuambia 50, na bado Minnesota una kosa, kwa sababu kipimo cha polisi husoma kioo na karatasi kwa pamoja. Mwambie fundi apime kioo chako kabla ya kubandika, na apime tena akimaliza, ukiwa umesimama hapo. Akikataa, tafuta mwingine.

Wengi huweka giza kwa kukimbia jua. Lakini zipo karatasi angavu kabisa zinazozuia karibu miale yote ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, na usiku bado unamwona mtoto anayevuka barabara. Hilo la usiku naomba lisichukuliwe kirahisi.

Mwenye ualbino au lupasi, ugonjwa unaoweza kuchochewa na jua, anaweza kuhitaji kinga zaidi. Majimbo mengi, Texas na New York yakiwemo, hutoa ruhusa maalumu kwa uthibitisho wa daktari. Iowa iliacha kutoa ruhusa mpya mwaka 2012, hivyo uliza jimboni kwako kwanza. Ukishapata ruhusa, nakala yake ikae ndani ya gari siku zote, hata anapoendesha ndugu yako.