Kupiga Windows kwenye kompyuta ya mtumba huanzia kwenye BIOS

Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam zilikuwa mali ya kampuni na taasisi za nje kabla ya kuuzwa kwa jumla, na ndiyo maana madukani utakuta ThinkPad, Latitude na EliteBook nyingi kuliko aina zilizotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani. Asili hiyo ina faida, kwa kuwa kompyuta za ofisini ni imara na hufunguka kwa urahisi. Hata hivyo, ndiyo chanzo cha matatizo mengi ninayokutana nayo mteja anapotaka apigiwe Windows upya, kwa sababu mwenye mali wa kwanza anaweza kuwa bado ameishikilia kompyuta hata baada ya diski kufutwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka flashi, mimi huingia kwanza kwenye BIOS, yaani programu ya msingi inayoanza kufanya kazi kabla ya Windows, kwa kubonyeza F1 kwenye ThinkPad, F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, na kuangalia kama kuna nenosiri la msimamizi. Kwenye ThinkPad za miaka ya karibuni nenosiri hilo haliondoki kwa kuchomoa betri ndogo ya ubao mama, na njia anayoitambua mtengenezaji ni kubadilisha ubao wenyewe, gharama ambayo mara nyingi haina maana kwa kompyuta ya mtumba.

Kufuli gumu zaidi halionekani kwenye BIOS. Kampuni zinazotumia Autopilot, huduma ya Microsoft ya kuandaa na kusimamia kompyuta za wafanyakazi, husajili utambulisho wa kila kompyuta kwenye seva za Microsoft. Ukifuta diski yote, ukaweka Windows upya na kuunganisha intaneti, kompyuta itakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Wapo mafundi wanaokwepa hatua hiyo kwa kukamilisha usakinishaji bila intaneti, lakini usajili unabaki palepale na utajitokeza siku kompyuta itakaporudishwa kwenye hali ya kiwandani. Anayepaswa kuufuta ni kampuni yenyewe, kupitia muuzaji. Ushauri wangu ni kwamba kompyuta ya namna hiyo irudishwe dukani, haidhuru bei yake inavutia kiasi gani.

Baada ya hapo ndipo linakuja suala la toleo. Windows 10 iliacha kupokea huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta, pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa macho hutaona tofauti: kompyuta yenye i5-8250U inakubalika, na yenye i5-7300U haikubaliki. Sharti hilo linaweza kurukwa, ila Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa kompyuta ya namna hiyo. Mteja ambaye kazi zake ni kuandika barua na kuperuzi intaneti mimi humwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, na sijaona sababu ya kumwonea huruma.

Kuhusu leseni, tangu enzi za Windows 8 watengenezaji huhifadhi ufunguo ndani ya kompyuta yenyewe, hivyo ukiweka aina ileile iliyokuja nayo, Home au Pro, itajiamilisha yenyewe ikipata intaneti. Ikiwa muuzaji amekwisha kuweka Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike slmgr /xpr. Ikijibu kwa kutaja tarehe ya mwisho badala ya kusema imeamilishwa daima, uamilisho huo ni wa siku 180 unaotegemea seva ya taasisi, au programu ya wizi inayojifanya seva hiyo. Hapo mimi hufuta kila kitu.

Usakinishaji wenyewe ni mwepesi: flashi ya GB 8, faili kutoka tovuti ya Microsoft, na kufuta sehemu zote za diski, si ile ya Windows peke yake. Kwenye Intel za kizazi cha 11 huenda diski isionekane kabisa, na wengi hudhani imekufa, ilhali kinachokosekana ni draiva ya Intel RST, ambayo huwekwa kwenye flashi hiyohiyo. Wi-Fi isipotambuliwa, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB hutosha.

Mwishoni Windows 11 huomba akaunti ya Microsoft, na fundi mwenye haraka huingiza ya kwake. Matoleo ya sasa yanaweza kufunga diski kwa BitLocker, usimbaji fiche wa Windows, bila kuuliza na kuhifadhi ufunguo kwenye akaunti hiyo, kwa maana kwamba siku kompyuta ikidai ufunguo, mteja atalazimika kumtafuta fundi. Asiye na akaunti tunafungua naye dukani, kisha anaandika mwenyewe tarakimu 48 za ufunguo wake kwenye karatasi na kuondoka nazo.