Honi ya spika: maana yake, na namna ya kujua inaumwa wapi

Ukiwa ufukweni mwa Ziwa Kivu na unataka kumwita mtu aliye mtumbwini, unaziba mdomo pande mbili kwa viganja, kisha unaita. Mapafu ni yaleyale, ila sauti inafika mbali zaidi. Honi ya spika inafanya kazi hiyo ya viganja. Hapa Goma neno hilo huwakumbusha watu honi ya gari, au zile tarumbeta za kijivu zinazofungwa juu ya misikiti na makanisa. Zote ni ndugu. Mimi nazungumzia bafle, yaani masanduku ya spika ya sebuleni, zile kubwa za mbao ambazo ukizitazama usoni unaona mdomo uliopanuka kama ua, na ndani kabisa tundu jembamba.

Spika ya kawaida ina kiwambo, utando unaotetemeka, kinachosukuma hewa ya chumba moja kwa moja. Tatizo ni kwamba hewa ni nyepesi mno mbele ya kiwambo. Kiwambo kikienda mbele, hewa inakwepa pembeni, kama maji yanavyokwepa ufito ukijaribu kuutumia badala ya kasia. Ndiyo maana karibu umeme wote unaoingia katika spika ya namna hiyo unaishia kuwa joto kwenye koili, ule waya uliozungushwa unaokisukuma kiwambo, na asilimia 1 hivi tu ndiyo inayogeuka sauti. Kwenye honi, hewa iliyo kooni, yaani kwenye lile tundu jembamba, haina pa kukwepea. Kiwambo kinaishika barabara, kama pampu ya baiskeli inavyoishika ukiziba tundu lake kwa kidole. Kisha njia inapanuka polepole hadi mdomoni, na ule msukumo mkali wa hewa kidogo unakuwa msukumo mpole wa hewa nyingi. Ni wenzo, ila wenzo wa hewa. Honi haiongezi nguvu hata chembe. Inazuia isipotee, na pia inaielekeza sauti upande mmoja.

Tofauti yake si ndogo. Spika nyingi za nyumbani, ukizipa wati 1 na kupima umbali wa mita 1, zinatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 hivi. Spika ya honi kamili inaweza kutoa 105. Hizo desibeli 15 maana yake ni kwamba spika ya kawaida itahitaji wati 32 kufikia pale honi ilipofika kwa wati 1. Zamani ampli (mashine za kukuza sauti) za valvu zilitoa wati chache tu, na majumba ya sinema yalijaza sauti ukumbi mzima kwa honi. Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, Marekani, ni mmoja wa walioileta dhana hiyo sebuleni, kwa kukunja honi ya besi ndani ya sanduku linalokaa kwenye kona ya chumba. Alifungua kampuni yake mwaka 1946, na bafle ile ya kona ingali inatengenezwa.

Kwa nini kona? Wimbi la sauti ya hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8.6 hivi, na mdomo wa honi ya mviringo inayotaka kulitoa vizuri unapaswa kuwa na mzingo unaokaribia urefu huo, yaani upana wa mita 2.7. Hakuna mlango wa nyumba utakaoipitisha. Ukiiweka kwenye kona, kuta mbili na sakafu zinakuwa mwendelezo wa honi yenyewe, na mdomo unaohitajika unabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo mtu akiniambia bafle zake za kona hazina besi, nauliza kwanza kama zimegusa ukuta. Mwanya wa vidole vinne nyuma ya sanduku ni tundu katika honi.

Na hapo ndipo magonjwa yanapoanzia kueleweka. Kifaa kisichopoteza kitu kinakuletea kila ulichokipa. Mtu ananunua bafle za honi, anaziunganisha na ampli yake ya siku zote, anasikia mvumo na mchirizo ambao hakuwahi kuusikia, anazirudisha akisema mbovu. Mvumo ulikuwepo, spika za mwanzo hazikuwa na uwezo wa kuutoa. Kabla ya kushika bisibisi, zima ampli, badilisha nyaya za kushoto na kulia nyuma yake, washa tena. Kosa likihamia bafle ya pili, shida iko kwenye ampli au kwenye kifaa kinachoipa muziki. Likibaki palepale, fungua sanduku.

Ukishafungua, chomoa waya mmoja wa kitoa sauti cha honi, kile kidogo cha sauti za juu, na upime kwa mita ya umeme. Kilichoandikwa omu 8 kitasoma kati ya 5.5 na 7. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Kwetu chanzo chake mara nyingi ni umeme unaoshuka jioni huku watu wakiongeza sauti: ampli inaishiwa nguvu, inakata vichwa vya mawimbi, na mikato hiyo inazaa sauti za juu nyingi ambazo zote zinakwenda kwa kile kitoa sauti kidogo. Anayeamini kwamba ampli ndogo haiwezi kuunguza spika ameponzwa na imani hiyo.

Sauti ya juu ikififia bila kukatika, shuku kapasita za kwenye kichujio, kile kinachogawa sauti za juu na besi, hasa zile zenye kimiminika ndani zilizokaa miaka 30. Zinakauka. Badilisha za bafle zote mbili pamoja. Na kabla ya kukata waya wowote, weka alama. Baadhi ya watengenezaji waligeuza chanya na hasi ya honi kwa makusudi ili ipatane na besi, na fundi mwenye nia njema akija "kuirekebisha" anaacha shimo katikati ya muziki.

Vumbi linataka maneno zaidi, kwa sababu mji huu umejengwa juu ya lava, na Nyiragongo ilitukumbusha mwaka 2002 na tena 2021. Chukua sumaku, ipitishe juu ya mchanga mweusi wa barabarani, uone chembe zitakazong'ang'ania. Chembe hizohizo zikifika ndani, sumaku ya spika inazivuta mpaka kwenye ule mwanya mwembamba ambamo koili inacheza, na hazitoki kwa kupuliza. Utasikia mkwaruzo, kama karatasi ikisuguliwa, hasa kwa sauti ya chini ya mwanamke anayeimba taratibu. Naondoa kifuniko cha nyuma, nafungua skrubu za kiwambo huku nikiikaza bisibisi mkononi, kwa sababu sumaku itaivuta na ncha yake inatoboa kiwambo kwa sekunde moja. Nakunja utepe wa gundi, upande unaonata ukiwa nje, nauzungusha ndani ya mwanya. Unatoka mweusi. Narudia hadi utoke kama ulivyoingia. Kumbuka, usipulize kwa kompresa mdomoni mwa honi, wala usiweke mashine ya kufyonza vumbi. Kiwambo ni chembamba, kitapasuka. Kitambaa chepesi cha kufunika mdomo wakati bafle hazitumiki kinatosha kuokoa kazi hii yote.

Honi ya chuma ikilia kama kengele ukiigonga kwa kifundo cha kidole, ipake mastiki kwa nje. Ndani usiguse, umbo lake ndilo honi.

Mzee mmoja wa mtaa wa Himbi, mwenye bafle za kona, aliniita kwa sababu ya mzizimo uliotoka, alisema, kwenye bafle ya kulia kila gitaa la besi linaposhuka. Nilibadilisha nyaya, kosa likabaki. Nilipima, vyote vizima. Nikatumia simu kupiga sauti moja ikipanda polepole, na karibu na hezi 70 mzizimo ukaja. Nikamwambia, "Papa, bafle haina kosa." Akanitazama. "Basi mwanangu, nani anayelia?"

Niliweka kiganja ukutani. Nyumba yake ni ya mbao, kama nyingi za mji huu, na ubao wa tatu kutoka kona ulikuwa umelegea kwenye nguzo. Ukuta ule ulikuwa sehemu ya honi, na ulikuwa unatetemeka badala ya kuegemewa na hewa. Ndiyo maana hata besi ya upande huo ilikuwa hafifu, jambo ambalo mzee alikuwa ameshalizoea. Tulipigilia misumari, tukakaza kipande cha mpira wa tairi kati ya ubao na nguzo, tukaisogeza bafle ikagusa kona. Akarudisha wimbo uleule tangu mwanzo, na safari hii akaupunguza sauti.